Sistemu Mpya na Ndagala za Ziwa

Naikumbuka siku ile, mwanangu, pale sokoni Uvira, nilipoambiwa kwamba ordinateri, yaani kompyuta, ikibadilishwa sistemu inapeleka Ulaya hesabu zote za ziwa, na samaki wanafuata hesabu zao. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na akili ilinijaa hadi kofia ikakataa kunienea.

Nilifanya kazi kwenye biro, ofisi ndogo ya kupima maji. Ordinateri yetu ilikuwa na programu moja: tunaipa kimo cha mito na mvua ya milimani, nayo inatuambia maji yatafika wapi mtaani Kilibula. Mama yangu alikaa Kilibula, nyumba ya bondeni kabisa. Kwa hiyo usinicheke haraka.

Basi kioo cha ordinateri kikaanza kutuandikia kila asubuhi: badilisheni sistemu, ya zamani haitalindwa tena. Mwenzangu Bahati alitaka kubonyeza palepale. Mimi nikaifunika mashine kwa kitenge, nikakaa mbele yake kama askari wa mpakani. Hata inzi hakupita bila kuulizwa kitambulisho.

"Weye unaogopa nini?" Bahati akaniuliza.

"Minye siogopi. Ila kitu kinachokuhimiza kila asubuhi, kiko na njaa yake."

Mkuu wetu, Madamu Furaha, binti wa wakulima wa mpunga wa Luberizi, alitusikiliza wote wawili. "Kwetu mbegu mpya haipewi shamba zima," akasema. "Inapewa kona." Akatoa ordinateri kuukuu stoo, akaiwekea sistemu mpya na programu yetu, akaipa mvua ya mwaka uliopita, ile iliyotubebesha magodoro kichwani. Ikajibu kwamba Kilibula kulibaki kukavu.

Nikapiga meza. "Munaona? Samaki wameanza kuondoka."

"Hakuna samaki humu," Madamu akanijibu. "Programu iliandikwa kwa sistemu ya zamani, haielewani na mpya. Na mvua iko mlangoni. Hatubadilishi sasa. Hii ya zamani tunaikata kwenye intaneti isiambukizwe. Kiangazi tutarekebisha programu, tutajaribu tena, ndipo tuhame."

Mvua zilipokuja, mashine ya zamani ikatuonya. Nikamhamisha mama na kuku wake wote, maji bado hayajabisha hodi. Kiangazi, mashine mbili zilipotoa jibu moja, nilibonyeza mimi mwenyewe, jicho moja likiwa dirishani kwenye ziwa.

Mwanangu, haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Kipya kishuku, sikukatazi. Ila ukishashuku, pima. Shaka isiyopimwa ni uvumi uliovaa koti. Usibadilishe mashine wakati watu wanaitegemea ili walale, wala usiing'ang'anie ya zamani ikishakosa mlinzi. Mungu akupe subira ya mkulima, na maji yasikukute kitandani.

Na samaki? Nilimwendea Madamu tena, maana ndagala, vile visamaki vyetu, zilizidi kupungua ziwani. Alikuwa anakula, hakuinua kichwa.

"Zinapungua kwa sababu ya neti za mbu munazozivulia, zinazokomba hata vitoto."