Gorogoro la Mama Robai na Wale Waliosema Ni Ghali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya vipimo na mizani kule Nakuru, Afisa Mkuu hakuniuliza hata jina. Aliweka pakiti mbili za sukari mezani akataka nimwambie ipi ni nzito. Nilizishika, moja kila mkono, nikaziinua na kuzishusha kama mtu anayechagua kabichi, kisha nikasema ni ya kushoto. Akazipima. Zilikuwa sawa kabisa.

"Kijana, serikali imenunua mizani kwa sababu mikono ya watu husema uongo," akasema. "Leo utafagia maabara."

Nilifagia. Baba yangu alikuwa mkata miwa huko Kabras, upande wa Kakamega, na mimi sikuwa na mjomba wa kunipigia simu ofisini. Kazi niliipata kwa cheti changu cha shule na viatu vya kuazima. Miaka minne baadaye, nikisoma jioni baada ya kazi, nilipata stashahada ya vipimo, nikiwa wa pili katika darasa letu. Aliyekuwa wa kwanza aliacha kazi akaenda kuuza magari, kwa hiyo najihesabu wa kwanza.

Vijana wa leo hudhani kazi yetu ilikuwa kusumbua wauza nyama. Ilikuwa kazi ya utaalamu. Tulikuwa na mawe ya kupimia ya shaba, tuliyoyahifadhi katika sanduku lililotandikwa kitambaa laini. Hatukuyagusa kwa vidole vitupu, maana jasho likikauka juu ya shaba huongeza uzito. Kwa mawe hayo tulihakiki mizani ya wafanyabiashara, yaani tuliilinganisha na uzito wa kweli. Sheria iliruhusu kosa dogo sana, nasi tuliliita msamaha. Mizani ikiwa ndani ya msamaha, tuliigonga muhuri. Ikizidi, ilifungiwa.

Kutoka Nakuru nilipelekwa Mombasa, chini ya Msimamizi wa Kanda, mwanamume mnene aliyeniambia nipunguze haraka. Huko nilihakiki pampu za mafuta kwa debe maalumu la lita ishirini. Niliisikiliza pampu ikinguruma, na mara nyingi nilijua ina kasoro kabla debe halijajaa. Msimamizi alisema hajawahi kuona sikio kama langu. Aliyasema hayo mbele ya watu.

Nilipoomba uhamisho kurudi Kakamega, wenzangu walicheka. Walisema mtu hatoki Mombasa kwa hiari yake akapime mahindi. Mimi nilitaka watu wa nyumbani wanione nikifanya kazi niliyosomea. Basi nikarudi, nikiwa na koti jeupe, gari la ofisi na sanduku langu la shaba.

Wimbo niliokuta nyumbani ulikuwa mmoja: kila kitu kimepanda. Sukari imepanda, na sisi tunaishi katikati ya miwa. Sabuni imepanda, mafuta ya taa yamepanda, hata mtu akitaka kula obusuma, ugali wetu, na mboga tu, lazima ajikune kichwa. Mke wangu, Mwalimu Everlyne, aliuimba wimbo huo kila jioni akitua kikapu.

Mwaka mmoja mahindi yaliadimika, na hasira yote ya soko letu dogo la barabarani, ambalo jina lake nitaliacha, ikamwangukia mwanamke mmoja. Aliitwa Mama Robai. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni, na aliuzia mahindi langoni, mahali alipoachiwa na mama mkwe wake. Pale kila mtu aliuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ambao mafuta yakiisha hugeuka kipimo cha nafaka. Hakuna aliyeuliza kilo ni ngapi. Watu waliuliza gorogoro ni ngapi, na la Mama Robai lilizidi ya wengine kwa shilingi kumi.

Tena hakuweka kilima. Wauzaji wengine walijaza mkebe, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka mahindi yakasimama juu yake kama kichuguu. Mnunuzi alipoona kilima hicho, moyo wake ulitulia. Mama Robai alijaza mkebe, akapitisha kiganja juu yake, yaliyozidi yakarudi guniani. Watu walisema ni ghali na ni mchoyo.

Wanawake wakaenda kwa chifu, wakiongozwa na mke wangu mwenyewe. Walitaka siku ya soko ijayo nafasi ya langoni apewe mtu mwingine. Chifu akaniita. Alinieleza kwamba huyo mama huwanyonya watu, na akaniomba nimpe sababu ya kisheria ya kumwondoa.

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Sheria haikulitambua gorogoro kuwa kipimo. Nikaenda sokoni na koti langu jeupe, nikapita katikati ya watu hadi langoni, nikalichukua gorogoro la Mama Robai. Watu wakapiga makofi. Nakiri kwamba makofi yale yaliniingia vizuri.

Mama Robai hakupiga kelele. Aliniuliza gorogoro lake lina kosa gani. Nikamweleza sheria, kwa kirefu.

"Na hayo mengine, mkubwa," akasema, akinyoosha mkono kuelekea safu nzima ya wauzaji, "sheria inayatambua?"

Nikasema nitayashughulikia. Nikaingia garini.

Ofisini nililiweka gorogoro lile kando ya chombo chetu cha shaba cha kupimia ujazo, nikalijaza mahindi, nikayapima. Nilirudia mara tatu, maana nilidhani nimekosea, na mimi si mtu wa kukosea. Lilikuwa kamili. Chini yake palikuwa bapa kama siku lilipotoka kiwandani.

Siku ya soko ilipofika, chifu alikuwa tayari amesimama langoni na mwanamke wa kuchukua nafasi. Nilimwomba asubiri. Nikatandika turubai, nikaweka mizani, nikamwomba mke wangu alete mahindi aliyokuwa amenunua muda huo huo kwa muuzaji wa bei nafuu, magorogoro mawili yenye vilima virefu. Kila mtu aliona mshale wa mizani uliposimama. Ulisimama mapema mno. Kisha nikaenda kwenye safu, nikapindua magorogoro moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa yamegongwa kwa nyundo chini, bati likaingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Muuzaji akishaiba chini, hawi na shida ya kukuongezea kidogo juu.

Nikapima mahindi ya Mama Robai. Ukigawanya bei kwa uzito, yeye ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote pale.

Mke wangu alitazama kikapu chake. "Kumbe mimi nimekuwa nikinunua kilima," akasema.

Nilichukua magorogoro yote, nikaagiza kuanzia siku hiyo watu wauze kwa mizani yenye muhuri. Chifu akamwambia yule mwanamke wa nafasi aende nyumbani. Nilidhani kazi imekwisha, na nilikuwa nimeifanya vizuri.

Lakini wiki mbili baadaye wauzaji wengine walikuwa na mizani, na Mama Robai hakuwa nayo. Walioiba walikuwa na akiba ya kununua. Yeye alikaa langoni na magunia yaliyofungwa. Aliniomba nimrudishie gorogoro lake, kwa kuwa nililikuta zima. Sikuweza. Gorogoro zima na gorogoro bovu, mbele ya sheria ni gorogoro.

Nilinunua mizani kuukuu ya kuning'inia kwa mfanyabiashara mmoja wa Shianda aliyekuwa akifunga duka. Nikaifungua mwenyewe nyumbani, nikabadilisha springi, nikasafisha kila jino la gurudumu lake. Kwa kuwa haifai mtu ahakiki mizani aliyoitengeneza kwa mikono yake, nilimwomba afisa mwenzangu wa Vihiga aihakiki. Alisema ni kama mpya. Hilo nililijua.

Nikampelekea Mama Robai. Aliitazama, hakuinyooshea mkono.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini siku ile ulinibebea gorogoro kana kwamba mimi ni mwizi, na soko lote likakupigia makofi. Waambie kwanza."

Nilimweleza kwamba siku ya turubai kila mtu alijionea.

"Waliona wauzaji wengine ni wezi. Wewe hukusema chochote juu yako."

Sokoni palikuwa pamejaa. Nilikuwa nimezungumza mbele ya wakurugenzi bila karatasi, lakini pale niliyapanga maneno mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Nilipanda juu ya kreti ya soda. Nikasema kwamba mimi, Afisa wa Vipimo mwenye stashahada, nilimnyang'anya Mama Robai kipimo cha haki kabla ya kukipima, kwa sababu nilisikiliza kelele, na kwamba kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Robai akachukua mizani, akaitundika langoni.

Nimestaafu sasa. Ukutani nina stashahada, barua mbili za pongezi na picha yangu na Msimamizi wa Kanda. Maneno ya juu ya kreti hayako katika fremu yoyote, ingawa sijui afisa mwingine aliyewahi kuyasema sokoni, na hilo nalihesabu katika ushindi wangu.

Vijana huniuliza bei zitashuka lini. Mimi huwauliza kwanza walipata kiasi gani kwa bei hiyo, maana siku hizi hata mche wa sabuni umekonda na pakiti ya biskuti imejaa hewa.

Mama Robai bado anauza langoni, na bei yake bado imezidi ya wenzake kidogo. Juzi nilimkuta na watu kumi na mmoja mbele yake, mke wangu akiwa wa nne. Walikuwa wakilalamika kwamba mama huyu ni ghali sana, na hakuna aliyetoka kwenye foleni.