Suti ya Waasisi wa Santa Idalina

Dona Nadir Pelegrinelli hakuwahi kujitambulisha kwa jina lake peke yake. Akienda kununua mkate, akipokea simu, hata siku alipolazwa na nesi akamuuliza jina huku amemshika mkono wa sindano, jibu lilikuwa moja: "Nadir, binti wa Pioneiro Atílio." Pale Santa Idalina, mji mdogo wa kahawa kaskazini mwa Paraná, Brazili, ambako mama wa heshima huitwa Dona na bwana huitwa Seu, neno hilo pioneiro hutangulia jina la mtu kama udaktari au upadri unavyotangulia kwingine. Maana yake ni yule aliyefika wakati mji ungali msitu. Aliyefika akakuta hata kibanda kimoja cha kuuzia pombe ya miwa, huyo ni mkazi tu, na wajukuu zake watabaki kuwa wajukuu wa mkazi.

Angalau ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Hapo kale pioneiro alikuwa mtu aliyefika kabla ya kanisa. Halafu akina Vilhena wakachukua umeya, na babu yao alikuwa amefika kanisa limekwisha ezekwa, basi ikagundulika kwamba kanisa si kitu, kitu ni kengele, na kengele ilichelewa miaka. Kisha mkwe wa meya naye akataka babu yake awemo, ikatangazwa kwamba pioneiro hasa ni aliyefika kabla ya umeme. Watu walicheka, lakini chinichini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shangazi yake aliyeingia katikati ya kengele na umeme.

Dona Nadir hakuhitaji kusogezewa mwaka. Baba yake alifika na shoka kabla barabara ya kwanza haijapimwa, akafa kwa kuangukiwa na mti Nadir akiwa bado ananyonya. Hakumkumbuka sura wala sauti. Alichokuwa nacho ni picha iliyoning'inia juu ya kochi sebuleni, ile ya kupakwa rangi ambayo wachuuzi walikuwa wakiiuza nyumba kwa nyumba. Unampa mchuuzi kipicha chako kidogo kilichochakaa, anaondoka nacho, baada ya miezi anarudi na picha kubwa ndani ya fremu, mashavu mekundu, na nguo ambazo hukuwahi kuvaa maishani. Humo Atílio alikuwa na suti ya bluu, tai nyekundu yenye vitone vya manjano, na nywele zilizochanwa zikalala. Ubavuni mwake mama yake Nadir, ambaye maisha yake yote alikuwa mfua nguo, alivaa mkufu wa lulu.

Kila siku kabla ya kulala Nadir alisimama mbele ya kochi akasema, "Nibariki, baba," kama watoto wa kule wanavyowaambia wazazi wao. Akaenda kulala roho nyeupe.

Kazi yake ilikuwa opereta wa simu, tangu usichana hadi siku mashine zilipomwondoa. Aliyasikiliza mazungumzo ya mji mzima, si kwa umbea, alisema, ila kuhakikisha laini haina mikwaruzo. Alijua nani anamdai nani na nani amehamia kwa nani, na yote hayo hayakumwongezea heshima aliyoitaka. Mbele ya kiti chake palitundikwa picha kubwa ya zamani: mti wa peroba uliokatwa, mnene kuliko nyumba, na wanaume kadhaa wamekaa juu ya gogo. Chini iliandikwa: "Peroba mkubwa, na watu wasiojulikana." Ilikuwa inashika vumbi vibaya. Nadir aliifuta kwa kitambaa kila Jumamosi huku akinung'unika.

Heshima aliyoitaka ilikuwa mtaa. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Mpango C, jina ambalo wapimaji waliliandika kwenye ramani wakati wanangoja jina la kweli, na jina la kweli halikuja. Unaweza kuzeeka hivyo, unaishi mahali ambapo bado ni mpango. Kwa hiyo mji ulipokaribia kutimiza miaka sitini, na meya akatangaza kwamba ukumbini patakuwa na Ukuta wa Waasisi, na kila familia ya ukutani itapewa mtaa, Nadir hakulala. Sharti lilikuwa moja: iletwe picha ya mwasisi, ya enzi hizo. Bila picha hakuna ukuta, bila ukuta hakuna mtaa. Jioni ileile aliwapigia jamaa zake wa São Paulo akawapa anwani mpya: Mtaa wa Pioneiro Atílio Pelegrinelli.

Siku ya kupokea picha, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dona Odete Vilhena, shangazi wa meya, mwanamke aliyekuwa akivaa miwani kifuani badala ya usoni. Alizipokea fremu moja moja akaziegemeza ukutani kwa mstari. Alipofika ya tano alipunguza mwendo. Alipofika ya saba akavaa miwani.

Suti ilikuwa moja. Bluu ileile, tai ileile, vitone vilevile vya manjano. Vichwa saba, mwili mmoja.

"Hiyo suti ni ya baba yangu," alisema Seu Valdomiro Bortolassi, mwenye duka la mbolea. "Alikuja nayo kutoka Italia."

"Italia ipi, wewe? Baba yako alikuja hapa na gunia, tena la kuazima," akadakia jirani yake.

"Na wako ameipataje?"

"Aliinunua!"

"Na tai nayo? Na ule mkunjo wa kola? Hebu tuambie, aliununua na mkunjo?"

Zingepigwa ngumi, maana tayari mtu alishakunja mikono ya shati, ndipo Dona Odete akapiga makofi. "Jamani! Hamwoni? Waasisi wetu walipendana mno, hata suti waligawana!"

Watu wakaanza kuafiki, mmoja mmoja, kwa nafuu kubwa. Ndiyo, walipendana. Hata bibi aliwahi kusema kitu kama hicho. Meya aliposimuliwa alitokwa na machozi, akaagiza palepale ijengwe sanamu ya suti mbele ya ukumbi, tupu, bila mtu ndani, ili kila familia ijione humo. Mnaocheka, nendeni mkaione. Njiwa wanaipenda sana.

Hapo mambo yangeishia kwa amani, kama Dona Odete asingeiweka picha ya Nadir kando ya picha ya mzee Vilhena, babu wa meya. Suti zilifanana, sawa, hilo lilikwisha pata maelezo. Lakini sura nazo zilikuwa moja. Masharubu yale, kidevu kile, hata sunzua ndogo karibu na pua.

Minong'ono ikaenea ukumbini. Dona Odete alivua miwani taratibu.

"Samahani, Dona Nadir," alisema kwa sauti ya asali. "Hivi marehemu mama yako siku zile alikuwa akifua nguo za akina nani?"

Nadir alihisi damu inampanda hadi masikioni. "Alifua za watu wengi, Dona Odete. Lakini baba yako alikuwa bado hajafika. Alikuwa anasubiri tumalize kanisa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Odete alifungua kinywa, ila aliyesema hakuwa yeye. Alikuwa mzee Firmino Gusmão, mkata miti wa zamani, ambaye hakuleta picha yoyote na alikuja kwa ajili ya kahawa na keki ya mahindi.

"Acheni kuwasingizia marehemu," alisema, makombo mdomoni. "Huyo si Atílio, wala si Vilhena. Huyo ni Baltazar."

"Baltazar gani?"

"Mchuuzi wa picha. Nilimpa malazi, namjua kama kiganja changu. Aliyekuwa na kipicha, alimwekea kichwa chake. Asiyekuwa nacho, na wajane wengi hawakuwa nacho, alimwekea kichwa cha Baltazar mwenyewe. Alikuwa anasema, 'Seu Firmino, nani atakumbuka?'"

"Mzee umelewa," alisema Odete.

"Bado. Kahawa yenu nyepesi."

Kamati ilijifungia ofisini. Ilipotoka, ilitangaza kwamba sharti linasema picha iwe ya enzi hizo, na Baltazar, kama kweli ndiye, ni wa enzi hizo, kwa hiyo picha zote zimekubaliwa. Watu wakapiga makofi. Dona Odete akamwinamia Nadir sikioni: "Wewe nyamaza, na sisi tunyamaze. Mtaa wako unao."

Nadir alimfuata Firmino kwenye meza ya keki.

"Seu Firmino, baba yangu alikuwa na sura gani?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Unaniuliza mimi, mwanangu? Si umekaa naye miaka yote ile kwenye simu? Yule juu ya gogo, anayecheka, hana viatu, amefumba jicho moja kwa jua. Wa tatu kutoka kwake ni mimi. Nisiyejulikana."

Ile picha ya mti ilikuwa imehamishiwa ukumbini, kwenye kijia cha kuelekea chooni. Nadir akaenda. Watu walimpita wakienda na kurudi, na yeye amesimama tu. Baba yake alikuwa kijana mwembamba, kifua wazi, miguu imejaa udongo mwekundu, anacheka kana kwamba mtu ametoka kumtania. Na masikio yalikuwa yamechomoza, masikio yaleyale ya Nadir yaliyomfanya asivae spika za simu bila maumivu, hata akawa anayalaani bila kujua ni ya nani. Alilia palepale mlangoni mwa choo. Maisha yake yote alimwomba baraka mchuuzi, na baba yake alimpangusa uso kwa kitambaa kama meza.

Alirudi kwa Odete. "Nataka kubadilisha picha. Naleta hii."

"Hii ni picha ya mti, mama. Mambo ya miti yana kamati yake."

"Lakini baba yumo. Alifika kabla ya wote."

"Hao walikuwa vibarua," Odete alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Walikata, wakalipwa. Pioneiro ni aliyenunua ardhi."

Mwaka umesogezwa tena, Nadir alijiambia, na safari hii umenipita mimi.

Nisimsifu kupita kiasi. Kwa siku zote zilizobaki aliutaka ule mtaa. Alishona gauni jipya, akatengeneza nywele, akafanya mazoezi ya kuonea haya makofi mbele ya kioo. Siku ya sherehe aliketi mstari wa mbele, bendi ya shule ikipuliza, na pazia lilipovutwa akamwona Baltazar mara mbili, juu, akitabasamu na ile suti.

"Pioneiro Atílio Pelegrinelli!" aliita meya. "Binti yake yuko hapa! Simama, Dona Nadir!"

Akasimama. Aliitazama picha mpaka bendi ikashindwa kujua ipige au ingoje.

"Huyu simjui," alisema.

Odete alikohoa kwa nguvu.

"Huyu mimi simjui, mheshimiwa. Mshusheni tu. Baba yangu yuko kule njia ya chooni, kwenye mti. Na kama hafai kupewa mtaa, basi mtaa wangu upeni jina la ule mti. Ulikuwepo kabla ya kanisa, kabla ya kengele, kabla ya umeme, na ardhi ilikuwa yake. Sidhani kuna wa kuupinga."

Meya aliangalia shangazi yake, shangazi akaangalia sakafu. Jina la mti halimuudhi mpiga kura yeyote. Ilipitishwa kwa kuinua mikono, na pengo ukutani likajazwa wiki ileile na mjomba wa mkwe wa meya, aliyefika baada ya umeme lakini kabla ya lami.

Leo kibao kimesimama kwenye kona: Mtaa wa Peroba. Wageni husema ni jina zuri, la kimazingira. Dona Nadir huwaacha. Alipewa ile picha kubwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, akaitundika juu ya kochi. Ile ya kupakwa rangi aliikata katikati. Nusu ya mama yake, ambaye sura yake ilikuwa ya kweli hata kama lulu si za kweli, iko kando ya gogo. Nusu ya Baltazar alimpelekea Dona Odete, kwa maelezo kwamba ndugu akae na nduguze.

Kabla ya kulala bado anasimama pale. "Nibariki, baba," anasema, halafu anawageukia wale wengine juu ya gogo, mmoja mmoja, naye Firmino akiwemo, anawaomba nao. Huenda hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaomba.