Kisutu cha Harusi Kimefuliwa

Jamani, leo nimekuta kisutu, ile kanga ya bibi harusi, cha enzi za Mjerumani kimeanikwa kwenye kamba, kinachuruzika maji.

Kile cha kwenye chumba chetu cha makumbusho hapa Kilindoni. Mimi hata kukigusa navaa glavu!

Aliyekifua ni mama mkubwa, ambaye ndiye aliyetupatia. Bibi yake alikivaa siku ya harusi, na kwenye pindo kilibaki na doa la manjano la singo, dawa ya kunukia aliyosuguliwa mwilini. Wageni wote huwa nawaonyesha doa hilo.

"Shikamoo mama. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimemsitiri bibi yangu. Jioni nitakifukiza udi."

Nikakaa kizingitini. Nimechoka, sina hata nguvu ya kugomba. Nikamwambia tu kwamba doa lile ndilo lilikuwa historia yenyewe.

Akanitazama.

"Mwanangu, bibi hata mumewe hakumwonyesha nguo chafu. Nyie mmemwonyesha kila anayepita, miaka yote hii?"

Nyie mngemjibu nini?

Kilipokauka nikaenda kukianua naye. Glavu nimeziacha mezani.