Siku Mama Alipoacha Kukanyaga Ngazi

Kila mawese yanapopata moto sufuriani mwangu, harufu yake hunirudisha uani kwetu, mtaa wa Cimpunda. Mama alikamua mawese kwa kukanyaga ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilizochemshwa, zingali moto, ndani ya pipa lililokatwa nusu. Siku moja aliteleza, akaungua hadi magotini.

Alipopona alitafuta mbao mbili na mti mrefu. Akaweka gunia la ngazi zilizochemshwa katikati ya mbao, beseni chini yake, akalaza mti juu ya ubao wa juu, ncha moja akaibana chini ya mzizi wa mwavokado.

"Maman, hii kitu itakuchoma tena," jirani mmoja alimwonya.

"Miguu yangu iko mbali na moto. Bakia pale, uangalie."

Akatuita watoto wote wanne, tukakalia ncha ya pili pamoja naye. Mti ukalia, gunia likanywea, na mawese yakatiririka, mazito, mekundu, hadi beseni likajaa. Jirani alichota makapi guniani, akayaminya kwa nguvu. Kiganja kikabaki kikavu.

"Hakuna hata tone! Na mimi utanikamulia?"

"Leta!"

Kabla ya saa sita, ua ulijaa wanawake na vikapu vyao vya ngazi, na mama alikuwa amekaa juu ya mti wake, akipiga vigelegele.