Minyororo ya Kifaru cha Thadeo

Mzee Jilala wa Rudewa hajawahi kuwa mtu wa maneno. Muulize habari za vita vya Kagera, atakujibu kwa kukohoa. Ndiyo maana Anitha alipomwomba amweleze jinsi baba yake alivyokufa, mzee aliona afadhali amtengenezee kifaru cha vita, kidogo cha kuweka mezani.

Baba huyo, Thadeo, alikuwa mtu wa Vidunda, na yeye na Jilala walikuwa katika kifaru kimoja. Mnyororo wa kifaru chao ulikuwa mbovu, pini zimeliwa na kutu. Ulipokatika, Thadeo alishuka na nyundo kuufunga, risasi zikamkuta hapo hapo. Lakini huko Vidunda ndugu zake mwenyewe, watu ambao hata mlio wa risasi hawaujui, wamesema miaka yote kwamba Thadeo alishuka akatimua mbio. Anitha alizaliwa baba yake akiwa vitani, akakua akiitwa mtoto wa mwoga. Leo ni mtu mzima, ana mgahawa wake Mikumi, na neno hilo bado linamchoma.

Basi Jilala akakata bati la debe, akaliunguza kwenye mkaa ili weupe wake utoke, akaunga pingili za mnyororo moja moja kwa waya. Kiwiliwili alikichonga kwa mti, hicho hakikumsumbua. Kazi ilikuwa kutu. Aliupaka mnyororo ndimu na chumvi, akauviringisha kwenye tambara bichi, akasubiri. Palipopita magurudumu alipasugua kwa sarafu pang'ae kidogo, maana mnyororo unaotembea hauoti kutu kila mahali. Mwisho akabandua tope kavu kwenye viatu vyake vya jeshi, tope la huko huko vitani ambalo hakuwahi kuliosha, akalisindilia kwenye viungo. Pini moja akaiacha imelika, inaning'inia. Alipomaliza alikitazama kifaru, akalia. Hakuwa amelia tangu amzike mkewe, Marciana.

Marciana ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati ya mzee na Paulina, mke wa mwanawe. Katika nyumba ile ya Kisukuma, baba mkwe na mkwewe hawazoeani. Paulina hupiga magoti, huamkia, huweka chakula, huondoka. Tangu mama afe, hakuna wa kusema kati yao. Kwa hiyo mzee hakueleza, na Paulina hakuuliza. Alichojua ni kwamba kuna mgeni, na pale mezani pamekaa kitu kichafu.

Mzee alipokwenda stendi kumpokea Anitha, Paulina alichukua majivu na stilwaya, akasugua mnyororo kama alivyofunzwa na mama yake kusugua sufuria za wageni. Tope likaenda na maji. Ile pini iliyoning'inia akaifunga vizuri kwa waya mpya. Roho nzuri ina hasara zake!

Jilala alipoingia na kukiona kifaru kinang'aa, alivuta kiti. Alikaa. Anitha alikishika, akapitisha kidole kwenye pingili, akaifikia pini.

"Baba," akasema taratibu, "mnyororo mzima namna hii, baba yangu alishuka kufanya nini?"

"Ulikuwa na kutu, mwanangu. Niliutia kutu mimi mwenyewe."

Anitha akautazama mnyororo, kisha akamtazama yeye, kwa huruma ile wanayopewa wazee walioanza kusahau. Kusema yaliyobaki kulitaka kumtaja Paulina, kumwaibisha mkwe mbele ya mgeni, naye yuko hapo uani anachambua mchele kwa furaha. Jilala alikuwa na hasira, lakini wa kumpelekea Paulina maneno, Marciana, hakuwapo tena.

"Sawa, baba," alisema Anitha. Alikula, akashukuru, akawahi basi la Mikumi.

Jioni Paulina alipiga magoti mlangoni na sahani ya ugali, na safari hii akaongeza neno baada ya salamu.

"Baba, mgeni amesahau kifaru chake."

"Atakuja kukichukua, mama," alisema Jilala, akanawa mikono.