Reale za Mzinga Nilizozisugua kwa Ndimu

Wenzangu, hili nawasimulia uso nimeuficha kwa leso, lakini hasira ninazo bado, tena nyingi. Nilikuwa nafanya kazi za nyumbani Oud Metha, huko Arabuni, zimebaki wiki mbili niende likizo Mombasa nikamuoze binti yangu, ndipo madam akaja jikoni asubuhi akasema, "Mwanaisha, jioni sir ana wageni. I want everything shining. Everything!"

Sasa, kwenye kabati la sebuleni sir alikuwa na trei ya reale, sarafu za kale za fedha, za Kihispania, nyeusi tititi. Nyingine zina kichwa cha mfalme, nyingine zina zile nguzo mbili ambazo wazee wetu wa pwani waliona ni mizinga, wakaziita reale za mzinga (bibi yangu alikuwa nayo moja, kila harusi akiisugua kwa ndimu na chumvi mpaka inameremeta). Nikajisemea, aibu gani hii, fedha kuachwa hivi nyumbani kwa watu wenye uwezo wao? Nikakata ndimu, nikasugua zote kwa mswaki mkuukuu, nilipoona zinakubali nikaongeza waya wa kusugulia sufuria, halafu nikazipanga upya, wafalme huku, mizinga kule, kumbe sir alizipanga kwa miaka ya kutengenezwa kwake!

Wageni wakaja. Sir akafungua trei kwa madaha, akaanza kuzigeuza moja moja. Nami (kiherehere changu!) nikatokea na sinia ya kahawa, "Nimezisugua mwenyewe, sir, hata mizinga sasa inaonekana."

Mgeni mmoja mzee akainua moja, akatazama mikwaruzo. "La hawla! Ule weusi wake ndio uliokuwa thamani."

"Who told you?" sir akaningurumia.

Nikamtazama madam. Madam akatazama kucha zake! Kucha, wenzangu, alizopaka rangi mimi nikisugua. "Sijui, habibi," akasema, "hawa hujiamulia tu."

Likizo ikafutwa hapo hapo, khalas. Ndoa ya mwanangu niliisikiliza kwa simu ya kadi, nimesimama jikoni, na kadi ikaisha kabla bwana harusi hajaitikia.

Kosa langu nalikubali, ningeuliza. Lakini tangu siku hiyo mpaka mkataba ulipoisha, kila madam aliposema "everything", niliweka kitambaa chini nikamwambia asubiri sir arudi, aseme tena mbele yake. Hakurudia hata siku moja.