Kikohozi cha Kaka

Kliniki ya ngozi hapa Chang'ombe inanuka spiriti, kama lile turubai la wauguzi waliokuja kijijini kwetu, utotoni mwetu, kukagua watu ngozi. Dada yangu alikuwa na baka mgongoni, lisilohisi hata likiguswa. Tulijua mwenye ukoma huchukuliwa akapelekwa kambini.

"Fumba macho, binti," nesi alimwambia. "Pamba ikikugusa, sema."

Nilisimama karibu, nikakohoa kila pamba ilipogusa baka.

"Sasa," dada akasema. "Na sasa."

"Huyu mzima," nesi akacheka. "Ila kaka mtu ana kifua. Mpeni dawa!"

Tulicheka njia nzima. Ndimi niliyemponza.

Leo nimemleta dada, vidole vyake vimekwisha.

"Shikamoo, bibi. Fumba macho," daktari anamwambia.

Anafumba, kisha anatega sikio upande wangu.